Mwaka Tuliotafuta Faili la Usangu

Asubuhi ya kumzika Subilaga, wasifu wake ulikuwa haujaonekana. Aliuandika mwenyewe, jambo hilo kila mtu pale Iyunga alilijua, kwa sababu alipoanza kuugua aliwaambia wanawe kwamba hataki mchungaji asimame mbele ya jeneza lake asome maneno ya kubuni. Lakini ameuweka wapi ndani ya kompyuta yake, hilo hakumwambia mtu. Mwanawe Neema alikaa kwenye kitanda cha mama yake, kompyuta juu ya magoti, nami nikakaa naye maana mimi ndiye niliyebaki katika wale wa rika la mama yake. Nilidhani atafungua picha moja baada ya nyingine kama nilivyozoea kuona watu wakifanya. Badala yake alifungua dirisha jeusi lisilo na picha yoyote, akaandika mstari mmoja wa maneno ya Kiingereza yaliyokatwakatwa, akabonyeza. Akanieleza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mzee, kwamba kutafuta kwa jina kumeshindikana, kwa kuwa mama huenda aliliita faili jina lolote. Sasa anaiagiza mashine ipite kwenye kila faili na kumletea lile ambalo ndani yake limo neno Rungwe, wilaya aliyozaliwa mama yake, na tena liwe limeguswa tangu mama alipoanza kuumwa. "Na ukikosea kuiambia ianzie wapi, mama mdogo," alisema, "itakujibu kwamba hakuna kitu, nawe utaamini kimepotea kumbe kipo." Muda si muda majibu yakaja. Wasifu ulikuwa umejificha katikati ya nyimbo za kwaya, chini ya jina la wimbo wa Pasaka. Neema akausoma kwa sauti. Ule mwaka wetu ulikuwamo, umepewa mstari mmoja tu: kwamba marehemu aliwahi kuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali mjini Mbeya. Watu waliokuwa chumbani wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilitazama ukutani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mimi nilikuwa nimetoka Iringa, nimepata ukarani wa masjala katika ofisi ambayo sitaitaja jina, nyumba ndefu ya matofali iliyokuwa na ukoka mbele na bendera. Masjala ndiyo ofisi ya mafaili, kwa asiyejua: barua yoyote inayoingia au kutoka hupitia pale, ikapewa faili lake, na faili likapewa mahali pake kwenye rafu. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, na kilinuka gundi na mafuta ya taa tuliyopaka miguu ya rafu ili mchwa wasipande. Mkuu wa masjala alikuwa Bwana Nsajigwa, Mnyakyusa mrefu wa Tukuyu aliyesomea kazi ile Dar es Salaam na akarudi na tabia ya kunywa chai bila sukari. Alivaa sweta la kufuma miezi yote, hata ya joto. Ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha vizuri. Alikuwa akisema kwamba anayetafuta faili kwa jina lake atapata lile tu aliloliweka yeye mwenyewe; lililowekwa na mwingine litafute kwa kilichomo ndani yake, au kwa mkono uliolishika mwisho. Nilipomsikia Neema akizungumza na ile mashine, ilikuwa kama namsikia yeye.

Subilaga alikaa chumba cha pili na mashine yake ya chapa. Tulipanga pamoja Iyunga, vyumba viwili katika nyumba ya mama mmoja mjane, kuta zake zimeishia chini ya paa kiasi kwamba ukikohoa chumba hiki unaambiwa pole chumba kile. Jiko letu lilikuwa moja, la mkaa, na baridi ya Mbeya ilipokaza tuliliingiza ndani tukaketi pande mbili, tukila kutoka sufuria moja. Alipenda kupika mbalaga, ndizi za kwao zilizochemshwa na nyama hadi mchuzi unashika mwiko. Mimi nilipika kande nikaharibu, naye alikula bila kusema. Alikuwa na mchumba, Ambokile, dereva, ambaye alikuja Jumamosi na kuketi kwenye mkeka miguu ameikunja kama mgeni hata baada ya miezi mingi. Nayasema haya ili ieleweke kwamba tulikuwa marafiki kabla.

Faili la Usangu lilikosekana kiangazi, milima ilipokuwa imekauka na vumbi la barabara kuu linaingia hadi kwenye chai. Bwana Athumani, mkuu wa ofisi nzima, alituma litolewe, nikaenda kwenye rafu yake nikakuta nafasi. Si jambo la ajabu katika masjala, mafaili hutembea. Nikaenda meza kwa meza. Hapana. Nikatazama mafaili ya jirani yake, labda limeingizwa ndani ya lingine. Hapana. Jioni Bwana Nsajigwa akalitafuta mwenyewe, akatoa rafu nzima akairudisha, akafuta mikono yake kwa kitambaa na kusema tutaendelea kesho. Lilihusu wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukumani na kukaa katika tambarare za Usangu. Hilo tu ndilo nililojua. Ndani yake sikuwa nimepata kusoma, kwa kuwa lilikuwa na alama ya siri na Bwana Nsajigwa alilishika kwa mkono wake.

Mtu wa kwanza kuniumiza moyo kwa ajili ya lile faili alikuwa Mzee Masanja. Alikuwa mmoja wa wafugaji hao, mzee mwembamba mwenye koti la jeshi na fimbo, aliyekuja na lori la mpunga kila lilipopanda mjini. Aliketi kwenye benchi nje ya dirisha letu. Alinisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, akingoja nijikwae kuitikia, kisha akauliza, "Binti yangu, lile faili letu limeonekana?" Nami nikamjibu bado, tunalitafuta. Akasema haya, ahsante, akainuka. Hakugomba hata mara moja. Nilimwona ni mtu mvumilivu kupita kiasi, na nilijisikia vibaya kwamba ofisi yetu imepoteza haki ya mzee kama yule.

Bwana Athumani alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata ukikemewa ulihisi umebembelezwa. Aliniita ofisini kwake, akanifungulia kopo la biskuti, akaniita mwanangu. Akaniuliza habari za Iringa, habari za baridi. Kisha akaniuliza kama mwenzangu Subilaga huwa anarudi nyumbani na karatasi. Nikasema sijaona. Akaniuliza nani humtembelea. Nikasema mchumba wake. Akauliza mchumba huyo anaendesha gari la nani na linafika wapi. Nikasema sijui, nikijua fika kwamba Ambokile alikuwa akiendesha lori la mpunga, na kwamba lori la mpunga hufika Usangu. Akasema mtu wa mwisho kulishika lile faili, baada ya Nsajigwa mwenyewe, ni Subilaga, aliyepiga chapa barua zake. "Sikwambii umchunguze mwenzio," alisema. "Nakwambia usifumbe macho." Nilijibu ndiyo mzee, kama tulivyolelewa kuwajibu wakubwa, nikatoka na ladha ya biskuti mdomoni.

Neno la namna ile likiingia ndani ya nyumba halihitaji kulishwa, hujitafutia lenyewe. Jioni ile ile niliona kwamba Subilaga anaweka mkoba wake chini ya kitanda, si kwenye msumari kama zamani. Au labda siku zote aliuweka chini ya kitanda. Niliona ana kitenge kipya. Niliona anapozungumzia ofisi anaanza na kuishia katikati. Sasa mimi ni mzee, na nimekaa mikutano mingi ya kanisa na ya ukoo, najua kwamba ukishaanza kumtazama mtu hivyo kila kiungo chake kinatoa ushahidi. Wakati ule sikujua. Nilidhani nimeanza kuona.

Ambokile alipokuja Jumamosi nilisema kichwa kinaniuma, nikaenda chumbani kwangu nikalala chali. Walizungumza Kinyakyusa, nami nilikuwa nimekwisha kukijua kiasi cha sokoni. Sauti ilipanda ukutani ikapita juu na kunishukia. Nilisikia jina la Bwana Athumani. Nilisikia neno la karatasi. Halafu Subilaga akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa kuwa jambo la ofisi husemwa kwa Kiswahili, "Vene asijue. Akijua tumekwisha." Vene ni mimi, Veneranda. Nilibaki nimeutazama moshi wa jiko lao ukikusanyika chini ya bati. Chakula kilipoiva aliniita, nikaenda nikala, naye akanisogezea kipande kinono kama kawaida yake.

Wakati huo huo Bwana Nsajigwa alifiwa. Alikuja asubuhi moja macho mekundu, akasema kaka yake ameanguka ghafla Tukuyu, anaomba ruhusa. Sisi wa ofisini tulichanga sukari na khanga, na Subilaga alilia, maana naye alikuwa mtu wa upande ule na alijua msiba wa ghafla ulivyo. Aliporudi alikuwa amekonda. Alikunywa chai yake na kusema mazishi yalikwenda salama. Nilimwonea huruma, na zaidi nilimwonea huruma kwa kuwa lawama ya faili ilikuwa inamngoja pale pale mezani.

Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya milima, Bwana Athumani akapoteza upole. Alituita wote chumbani kwake akasema faili lile linahitajika kabla ya mvua, na kwamba wakubwa wake wamechoka kusikia linatafutwa. Akasema hadharani kwamba Jumatatu inayofuata suala lile linahamia polisi, na watakaoanza kuulizwa anawajua. Alipokuwa akisema hivyo alimtazama Subilaga, na wengine wote tukamtazama. Subilaga alikuwa ameshika penseli. Akaiweka mezani taratibu, ikabingirika, ikaanguka, wala hakuna aliyeinama kuiokota. Kisha Bwana Athumani akanigeukia mimi. Kwa kuwa maji ya Usangu huteremka na mto kwenda upande wa Iringa, barua zote za Usangu zilikuwa na nakala kwenye ofisi mwenza huko. Niende nikailete nakala. Mimi ni mtu wa kule, nitasikilizana nao.

Nilipanda basi asubuhi, tukapita Makambako na Mafinga, miti ya paini ikipita dirishani, na njia nzima nilimfikiria Subilaga. Tulikuwa hatujasema neno tangu mkutano ule. Asubuhi alikuwa amenichemshia viazi vya safari, akavifunga kwenye kitambaa akaviweka mlangoni. Sikujua ni wema au ni hongo. Nilikula kimoja, vingine nikampa mama aliyeketi karibu nami, nikajichukia kwa hilo kabla hatujafika. Nililala Kihesa kwa shangazi yangu, na asubuhi nikashuka mjini.

Karani wa Iringa alikuwa Bwana Luvanda, mtu wa Idodi, mcheshi, aliyewasalimia wote kamwene hata wale wasio Wahehe. Aliniagizia chai na maandazi kabla hata sijasema nilichofuata. Nilipokisema akacheka, akanionyesha kwenye rafu jalada tupu, limebaki ganda tu. Akasema kwani hamzungumzi huko kwenu? Bosi wako alikuja mwenyewe akaichukua nakala, akasema ile ya kwenu imenyeshewa mvua na inaandikwa upya.

"Bosi yupi?" nikamwuliza.

"Nsajigwa. Wa sweta. Tulikunywa naye chai hapo ulipokaa."

Nikamwuliza ilikuwa lini, na alipofikiri akanitajia ile wiki ya msiba. Alisema Bwana Nsajigwa hakuonekana kuwa na shida yoyote. Alikuwa likizo, alimwambia, akaona apitie. Na nilipokumbuka kwamba kiangazi chote kile tone la mvua halikuanguka Mbeya, nikaweka kikombe chini. Nikamwona Subilaga akilia kwa ajili ya kaka wa mtu. Nikaona sukari yetu, na khanga tulizochagua kwa makini zisiwe za rangi kali. Sijui kama alikuwa na kaka. Katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo lililonishinda kulimeza, kwamba alikaa pale na sweta lake akapokea pole zetu moja baada ya nyingine.

Nilirudi Mbeya nikiwa na mtu mwingine wa kumshuku, na aibu kwamba mwanzoni sikuwa na sababu yoyote ya kumshuku yule wa kwanza zaidi ya biskuti. Lakini hata hapo sikumwachilia Subilaga kabisa. Nilifikiri labda wako pamoja. Shaka haiondoki mahali kwa kuhamia pengine, huongeza shamba.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, nilichukua ufunguo wa stoo ya nyuma. Humo tuliweka mafaili yaliyokwisha kufungwa, ya mambo yaliyokufa, mengine ya tangu enzi za Waingereza. Tulikwisha kutafuta pale, kwa jina na kwa namba, na jina na namba havikuwapo. Safari hii sikusoma majina. Nilifungua mlango nuru iingie kutoka ubavuni, nikainama usawa wa rafu, nikatazama vumbi. Kila jalada lilikuwa limevaa vumbi la miaka kama blanketi la kijivu. Katika rafu ya chini, kati ya mafaili ya majosho ya ng'ombe ya zamani, moja lilikuwa safi mgongoni, na mbele yake kwenye ubao palikuwa na alama ya kitu kilichovutwa na kurudishwa. Nikalitoa. Jina juu lilikuwa la josho lililobomoka kabla sijazaliwa. Ndani zilikuwamo karatasi za Usangu, za Mbeya na za Iringa, zimefungwa pamoja kwa kikamba kipya cha kijani.

Nilisoma nikiwa nimechuchumaa. Nilidhani nitakuta maombi ya watu waliotaka kuishi. Nilikuta ramani ya kipande cha tambarare kilichokusudiwa kuwa shamba kubwa la mpunga, na majina ya familia zote za wafugaji waliokuwamo ndani ya kipande hicho, kaya kwa kaya, pamoja na idadi ya malori ya kuwahamisha. Hakuna mahali palipoandikwa wanapelekwa wapi. Agizo lilikuwa tayari, lilingoja majina na ramani viende juu na kurudi vimetiwa saini. Jina la Masanja lilikuwa la kwanza. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mzee. Hakuwa akija kuuliza kama tumelipata kwa kuwa alilitaka. Alikuja kuhakikisha kwamba bado hatujalipata, na nilipomjibu bado, alikuwa akirudi kwa watu wake na habari njema.

Mlango ukaingiwa na kivuli. Bwana Nsajigwa alisimama pale, kikombe mkononi. Hakuonekana kushtuka.

"Umelitafuta kwa nini?" aliniuliza.

"Kwa vumbi."

Akaitikia kwa kichwa, kama nilivyomwona akiitikia nilipofanya hesabu ya barua bila kukosea. Akasema faili lile halijapotea, limepumzika. Mvua zikianza, hakuna lori litakaloshuka kwenye tope la Usangu, na zikikatika watu wale watakuwa na mpunga shambani, na mtu mwenye mpunga shambani hapakiwi kama gunia. Alisema anahitaji mvua moja tu. Nikamwambia kwamba Jumatatu Subilaga anakwenda polisi. Alisema anajua. Nikamwuliza alidhani nani angelipa gharama ya kulipumzisha faili lake, akatazama ndani ya kikombe chake. Nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu mzima. Nikakumbuka pia kibuyu cha maziwa mgando nilichokiona nyumbani kwake nilipompelekea ujumbe siku moja, kibuyu cha Kisukuma chenye shanga, na maneno ya mjini kwamba ana ndama wawili wanaochungwa na watu wasio ndugu zake.

"Walikupa nini?" nikamwuliza.

"Nikikujibu," akasema, "utaamini jibu gani?"

Mpaka leo sijui ningeamini lipi. Wapo niliowasikia baadaye wakimwita mtu wa haki, na wapo waliosema aliuza ofisi kwa ng'ombe. Nimejaribu kuyaweka pamoja mara nyingi, na nimeona kwamba mtu anaweza kupewa ndama na bado akawa anafanya jambo lililo sawa, na anaweza kufanya jambo lililo sawa na akamwacha msichana asiye na kosa apelekwe polisi badala yake. Alichonihakikishia siku ile ni kimoja tu, kwamba Subilaga hatakwenda. Alinyoosha mkono, akalichukua faili, akalirudisha mahali pale pale kati ya majosho. Kisha akavuta kiganja chake juu ya rafu ya juu na kulipulizia mgongoni vumbi alilolipata huko. Akatoka, akaniachia mimi kufunga mlango.

Jumatatu alifika mapema kuliko sisi sote. Tuliposikia sauti ya Bwana Athumani ikipanda, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, tulijua jambo limetokea. Bwana Nsajigwa alikuwa amemwambia kwamba alilipeleka faili nyumbani pamoja na nakala ya Iringa ili azioanishe, na zikachanganyika na karatasi kuukuu ambazo watu wa nyumbani kwake waliziuza sokoni za kufungia karanga. Alikubali kosa lote, na akaeleza kwamba mpiga chapa hahusiki. Polisi walikuja kumchukua yeye. Alipita mbele ya dirisha letu katikati ya askari wawili, sweta limefungwa vifungo vyote, hakugeuka. Walimweka kwa muda, wakamwachilia, na kazi ikaisha. Akarudi Tukuyu, sikumwona tena.

Bwana Athumani aliniita. Kopo la biskuti halikuwa mezani. Akaniuliza watu wa Iringa walisema nini, nikamjibu kwamba nakala hawana, na hilo lilikuwa kweli. Akanitazama kwa yale macho yake laini.

"Na stoo ya nyuma?"

"Tumetafuta kwa jina na kwa namba, mzee," nikasema. "Halipo."

Hilo pia lilikuwa kweli. Akazungusha kalamu vidoleni kwa muda mrefu. Sijui kama aliniamini. Kwa wiki nyingi baada ya hapo, kila simu ilipolia chumbani kwake nilidhani ni Bwana Luvanda, na kila alipopita karibu na stoo niliacha kuandika hadi apite. Hakulitafuta tena kwa nguvu. Nadhani faili lililofungia karanga lilikuwa jibu alilotaka kuwapa wakubwa wake, maana halikumgusa yeye. Mvua ikaja mapema na kwa hasira, ikateremsha udongo mwekundu barabarani, na lori la mpunga lenyewe likakwama huko chini kwa siku nyingi. Agizo lilihitaji kuanzwa upya, kuhesabu watu upya, kuchora upya. Mwaka ule hakuna aliyehamishwa. Nilibaki pale hadi mavuno yalipokwisha, kisha nikaomba uhamisho kwenda Iringa. Ufunguo wa stoo nilimkabidhi aliyenifuata bila kumwambia chochote kuhusu majosho.

Lakini kabla ya hapo ilikuwako ile Jumapili, mvua ikipiga bati kiasi kwamba chumba na chumba vilikuwa havisikilizani. Subilaga alipika mbalaga. Tulikuwa tumerudi kuzungumza, kwa tahadhari, kama watu wanaokanyaga sakafu iliyotoka kudekiwa. Akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria kwamba ana jambo. Bwana Athumani alimwita kiangazi kile, akampa biskuti, akamwuliza vifurushi ninavyotuma Iringa kwa basi kila mwisho wa mwezi vina nini ndani. Akamtaka aangalie. Alimweleza Ambokile, akamwambia nisije nikajua, kwa kuwa nikijua urafiki wetu utakuwa umekwisha. Nami nikamwambia za kwangu. Tukacheka, kisha akalia kidogo, kisha akanigawia nyama.

"Ulinishuku kweli?" aliuliza.

"Nilikushuku."

"Na mimi nilikushuku. Nilifungua kifurushi kimoja. Kilikuwa na mafuta ya kupikia na soksi."

Tulikula. Mvua ilipungua, na nyumba ikaanza kusikika tena, mama mwenye nyumba akikokota ndoo. Subilaga akafuta mwiko kwa ukingo wa sufuria, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama chumvi imekolea:

"Vene, lile faili uliliona, sivyo?"

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa ule ule niliolala nao nyumba moja mwaka mzima. Kitenge alichovaa kilikuwa kile kipya, na sikuwa nimewahi kumwuliza amekipata wapi.

"Sikuliona," nikasema.

Akaukung'uta mwiko, akauweka juu ya kifuniko.

"Vizuri," akasema.

Tuliishi kama ndugu baada ya hapo, yeye Mbeya na mimi Iringa, tukazikiana wazazi na kuozeshana watoto, wala hatukulitaja tena. Sijui kama ile "vizuri" ilikuwa ya rafiki yangu, au ya kupelekwa kwa Bwana Athumani kesho yake asubuhi.